Katibu na Mtaa Wenye Jua

Katibu hakuweza kupanda gari bila kufungua kikao. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akatoa begini daftari lake la jalada gumu, akageuka kutazama kiti cha nyuma kama kuna mjumbe aliyejificha, kisha akatangaza kwamba akidi imetimia. Akidi yenyewe ilikuwa mimi na yeye. Nilimpeleka kazini kwa karibu miaka mitatu, kutoka Reynoldsburg hadi katikati ya jiji la Columbus, na sikumbuki asubuhi tuliyofika bila ajenda. Ya kwanza ilikuwa hali ya hewa. Ya pili ilikuwa yatokanayo na kikao cha jana. Ya tatu ilikuwa mengineyo, na hapo ndipo alipozipanga habari za watu.

Jina lake tulilijua sote tuliotoka kambini Tanzania, lakini kulitumia kungekuwa sawa na kumvua koti hadharani. Alikuwa katibu wa kanisa, katibu wa chama cha kuzikana, katibu wa kamati za harusi zisizo na idadi. Wakati mmoja kule kambini iliundwa kamati ya kumsuluhisha yeye na jirani yake waliogombania mpaka wa bustani ya mchicha. Hakupatikana mwingine wa kuandika, basi akaandika mwenyewe mihutasari ya kesi yake, akaiandika kwa haki kiasi kwamba akashindwa.

Neno lake lilikuwa moja: iandikwe. Alilisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Siku moja nilipita taa ya njano nikamwona anafungua daftari.

"Katibu, na hii nayo ya nini?"

"Iandikwe, Neema. Kesho utasema ilikuwa ya kijani. Mimi nitakuwa nimeshasahau, na wewe utakuwa umeshaamini."

Alipofika Amerika, watu wa kupokea wakimbizi walimuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Akasema katibu. Wakaandika kwamba ana uzoefu wa ofisini, wakamshukuru, wakampeleka ghalani kufunga maboksi ya sabuni. Alifunga sabuni karibu miaka miwili bila kulalamika. Malalamiko yake yalihusu msimamizi wa zamu, ambaye aliwaita watu kwa kuwapigia mluzi na hakuwa na orodha ya mahudhurio.

Aliyemtoa kwenye sabuni alikuwa mama mmoja wa Clintonville, aliyefundisha Kiingereza kwa kujitolea siku za Alhamisi. Mama huyo alisikia kwamba jumba moja la sanaa mjini linatafuta walinzi wa ndani, wale wanaosimama vyumbani kuzuia watu wasiguse picha, akamjazia fomu. Kwenye usaili walimuuliza angefanya nini akimwona mtu anagusa picha. Wengine, nasikia, walisema wangemdaka mkono au wangepiga kelele. Katibu alifikiri, akajibu kwamba angemwomba mtu huyo jina lake kamili, angetazama saa, halafu angeandika. Waliokuwa wakimsaili walitazamana. Akapewa kazi siku ileile, pamoja na koti la buluu lililompwaya mabegani, na tangu hapo hakuvaa jingine hata kanisani.

Walimpa chumba chenye picha saba. Sita hakuzijali. Ya saba ilikuwa mtaa.

Ulikuwa mtaa wa mji fulani wa Ufaransa, mchana wa jua kali. Miti upande mmoja, nyumba za rangi ya maziwa upande wa pili, wanawake wawili wenye miavuli, mkokoteni umesimama, na vivuli vya buluu vimelala barabarani. Aliyeuchora alikuwa mmoja wa Wafaransa wale wa zamani waliopaka rangi harakaharaka kabla jua halijahama. Ukiusogelea unaona madoa matupu. Ukirudi nyuma hatua tano, mtaa unarudi. Siku yake ya kwanza Katibu alisogea, akaona madoa, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake kutoa taarifa kwamba picha imeharibika na kwamba yeye ameikuta hivyo.

Baada ya kuelezwa alitulia, lakini hakuacha kuichunguza.

"Watu kumi na mmoja," aliniambia garini. "Nimewahesabu. Mchana, siku ya kazi, na hakuna anayefanya kazi. Mwenye mkokoteni peke yake, na hata yeye amesimama."

"Labda ni Jumapili."

"Kama ni Jumapili kanisa liko wapi?"

Jumapili ndiyo siku ambayo jumba lile liliingiza watu bure, na mara moja, baada ya ibada, Katibu alituongoza kwenda kuuona mtaa wake. Tulikwenda kwaya nzima, tukiwa bado na sare, watoto wameshikana mikono, Mchungaji mbele. Mchungaji wetu alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu mnene mwenye sauti ya kipaza hata anaponong'ona. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, mikono nyuma.

"Bon," alisema hatimaye. "Katibu, huyu mutu mwenye alichora hii, alikuwa anakimbia kwenda wapi? Batu haina hata macho."

"Ndiyo mtindo wenyewe, Mchungaji."

"Donc mutindo ni kuacha kazi katikati?" Akainama, akarudi nyuma, akainama tena. "Mais jua iko. Siwezi kusema bongo, siwezi kudanganya. Jua iko."

"It's just a road," alisema mjukuu wake, bila kuinua uso kwenye simu. Katibu akatoa daftari akamwandika. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliuliza kama wanatoa na kitenge chenye mchoro ule. Katibu akasema atafuatilia, na nawajua watu wanaosema hivyo kwa adabu tu, lakini yeye alifuatilia kweli, miezi miwili, mpaka jumba likamjibu kwa maandishi kwamba halitengenezi vitenge.

Kuna mambo ya Katibu ambayo hayakupatana, nami siwezi kuyapatanisha kwa niaba yake. Alichukia uongo, lakini binti yake akipiga simu kutoka Buffalo kumuuliza kama amekula, alisema amekula, huku mkate uko mkononi haujang'atwa. Mkewe alifariki kambini, na alimtaja mara chache sana, ila kila mwaka siku ile ya kumkumbuka aliomba nimpitishe kwenye njia ndefu. Aliheshimu wachungaji kupita kiasi, lakini Mchungaji akiombea wagonjwa wote kwa jumla, ungemsikia Katibu safu ya pili akinong'ona: "Waorodheshwe." Na alikuwa mtu wa kutoa kila kitu. Koti, mwavuli, muda wake. Kilichokuwa kigumu kumtoka bila maandishi ni kitu cha mtu mwingine. Kitabu ulichokisahau kwake alikirudisha kimefungwa kwenye gazeti, na karatasi ya kuweka sahihi kwamba umekipokea.

Mwaka alipohamia ghorofa ya pili kwenye apatimenti zilezile za Reynoldsburg, mimi ndiye niliyembebea maboksi. Moja lilikuwa limefungwa kamba mara nne na kuandikwa MAFAILI kwa herufi kubwa. Nilipumzika nalo mara tatu kwenye ngazi. Nilimwambia mihutasari ya kanisa inapima kama chuma.

"Maamuzi huwa mazito," alisema, akanifungulia mlango.

Narudi kwenye picha. Kando yake palikuwa na kibao kidogo cha maelezo. Watu hawasomi vibao, hupiga picha wakaenda. Katibu alikisoma kila siku ya kazi. Kilieleza jinsi mtaa ule ulivyopita mkono hadi mkono: kutoka kwa mchoraji kwenda kwa muuza picha wa Paris, kutoka kwake kwenda kwa daktari mmoja katika mji wa Ujerumani. Kisha mstari uliruka. Baada ya daktari alitokea muuza picha mwingine, Uswisi, halafu mjane wa mwenye kiwanda hapa Ohio, aliyelizawadia jumba picha hiyo. Historia ya umiliki, ndivyo kibao kilivyosema. Katibu aliiita makabidhiano.

"Kati ya daktari na Mswisi pana miaka kumi na tatu," alisema, na siku hiyo ilikuwa ajenda pekee, hata hali ya hewa iliahirishwa. "Nani alimkabidhi nani? Sahihi ya daktari iko wapi?"

"Labda aliuza."

"Mtu akiuza huandikwa, tena kwa fahari. Hapa pameachwa wazi. Na walioacha wazi si watu wasiojua kuandika, Neema. Angalia nukta na mikato yao."

Sisi wa Burundi tunaijua mistari ya namna hiyo. Shamba la michikichi la babu yangu kule Rumonge lina mstari kama huo: babu, kisha kimya, kisha mtu mwingine mwenye hati safi na watoto wanaosoma. Jina la daktari yule lilikuwa la Kiyahudi, nasi sote tunajua Ujerumani ya miaka ile ilivyowanyang'anya Wayahudi mali zao. Jumba nalo lilijua. Lilijua kwa upole na kwa kimya cha watu waliosoma.

Katibu aliandika barua, nakala tatu, kwenda kwa uongozi. Aliomba kwa heshima kwamba pale palipo wazi pajazwe, au kama hapawezi kujazwa, paandikwe kwamba hapakujazwa. Baada ya wiki sita uongozi ulimwita. Walimshukuru kwa shauku yake. Walisema ni watu kama yeye wanaolifanya jumba kuwa nyumba ya wote. Wakampa zawadi ya kikombe kilichochapishwa mtaa ule ule, miti, miavuli na vyote. Katibu alinywea chai humo kila siku mpaka jua la Ufaransa likaanza kubanduka kwa kuoshwa.

Sasa sina budi kusema habari ya cherehani ya mama yangu, maana bila hiyo Katibu atabaki kichekesho, na hakuwa kichekesho tu.

Kambini kulikuwa na desturi. Jina lako likitoka kwenye orodha ya kwenda Amerika, unapewa uzito wa mizigo, na vilivyozidi unawaachia wanaobaki. Lakini hakuna aliyesema "nakupa." Ulisema "nitunzie." Kusema nakupa ilikuwa kukiri kwamba hurudi, na hakuna aliyetaka kukiri hilo huku basi limewashwa. Kwa hiyo kambi nzima ilijaa vitu vya kutunziwa: baiskeli, masufuria, redio, mbuzi. Watu waliishi na vitu hivyo miaka, na bado vilikuwa vya wenyewe.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa nyeusi, yenye maua ya dhahabu, na upande wa kulia maua yalikuwa yamefutika pale mkono wake ulipopita. Ilitulisha sisi wote. Siku yetu ya kuondoka alitaka kumwachia mdogo wake, mama mdogo Dafroza, ila mume wa Dafroza wakati ule alikuwa anauza chochote chenye skrubu. Basi Mama alimkabidhi Katibu. "Nitunzie," alimwambia, "na safari yako ikifika kabla sijasema lingine, mkabidhi Dafroza mkononi." Katibu aliandika.

Tukaletwa Louisville. Miaka miwili baadaye Katibu naye aliondoka, akaletwa Columbus. Wakati huo mume wa Dafroza alikuwa ameshatoweka na Dafroza alibaki na watoto watatu. Mama akampigia kumuuliza cherehani inaendaje. Dafroza akasema cherehani gani, sijaiona. Mama akampigia Katibu.

"Mama Neema," Katibu alisema, "cherehani iko mahali salama."

Masikioni mwa Mama hiyo ilikuwa stakabadhi. Katibu haongopi, kila mtu anajua. Basi aliyeongopa ni Dafroza. Ameiuza, kama mumewe alivyokuwa akiuza, na ameshindwa kusema. Mama alimwita mdogo wake mwizi, mara ya kwanza kwa simu, mara ya pili mbele ya wageni, mara ya tatu ikawa ndiyo jina lake nyumbani kwetu. Halafu hakuzungumza naye tena. Kambi ilipofungwa na Dafroza kurudishwa Burundi na wanawe, habari tulizipata kwa watu wa pembeni. Mimi niliugua malaria nikiwa na miaka tisa na Dafroza ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati. Hilo nililikumbuka kila Mama aliposema yule mwizi, na sikusema kitu, na bado linaniuma.

Mara moja, nilipokuwa nimeshahamia Columbus kwa kazi, nilimtajia Katibu garini ugomvi wa Mama na mdogo wake. Nilidhani mtu wa usuluhishi kama yeye angepata la kusema. Aliangalia nje dirishani kutoka taa moja hadi nyingine.

"Hilo," alisema, "liwekwe kwenye mengineyo." Na hatukufika kwenye mengineyo.

Mwaka wa tatu wa kazi yake alikuja bibi mmoja mzee, amevaa viatu vya kutembelea na mkoba mdogo. Alifuatana na mawakili wawili na wakubwa watatu wa jumba, wote wakitabasamu kwa namna ya watu wenye maumivu ya jino. Alikuwa mjukuu wa yule daktari. Mkononi alikuwa na picha ya kamera, ya zamani, ya chumba cha kulia chakula: meza, viti, watoto wawili, na ukutani nyuma yao mtaa wenye jua. Mtoto mmoja alikuwa mama yake.

Hakuwaambia kitu mawakili. Alisimama, akarudi nyuma hatua tano, akakaa hivyo. Kisha akamgeukia Katibu aliyekuwa kona yake.

"Ni wewe unayekaa nayo?"

"Ndiyo, mama."

"Ahsante kwa kuitunza," bibi alisema.

Jioni hiyo Katibu alipanda gari langu, akafunga mkanda, na hakufungua kikao. Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia aliponieleza yote.

"Ni jambo zuri," nilisema. "Amekushukuru."

"Si zuri." Alishika daftari mapajani bila kulifungua. "Mimi nilikuwa nimesimama tu karibu na kitu cha watu. Nimesimama nacho kila siku, nikakizoea, nikakiita changu. Na mtu ananiambia ahsante."

Sikuelewa kwa nini sauti yake ilikuwa vile. Nilidhani ni uchovu.

Picha iliondolewa kwa muda, kama kibao kipya kilivyosema, huku pande mbili zikizungumza. Ukutani ulibaki mraba mweupe kuliko ukuta wenyewe, na ndoano mbili. Lakini ratiba ya walinzi ilikuwa imeshachapishwa hadi mwisho wa mwezi, na katika jumba lile ratiba ikichapishwa imechapishwa. Katibu akaambiwa aendelee na kituo chake. Alisimama siku kumi na tisa akilinda mraba mtupu. Watu waliupiga picha. Kijana mmoja alimuuliza ni kazi ya msanii gani. Mzee mwingine aliutazama muda mrefu, mkono kidevuni, akatikisa kichwa kwa kukubali, na Katibu akamwacha.

Mwisho wa mwezi alirudisha koti la buluu, limefuliwa na kupigwa pasi, akadai sahihi ya kupokelewa. Wiki ileile alihamia Buffalo kwa binti yake. Nilimpeleka kituo cha basi. Boksi la MAFAILI alikataa nilishike. Alilibeba mwenyewe, akipumzika kila hatua kumi, mzee wa umri ule, na nilipomsogelea alinitazama kwa ukali ambao sikuwahi kuuona.

Ilipita zaidi ya mwaka. Kisha, majira ya baridi, akanipigia. Hakusalimu.

"Unaitwa kikaoni," alisema. "Jumamosi, saa nne asubuhi."

Binti yake alikuwa anaishi Kenmore, kijiji cha nyumba za mbao kaskazini mwa Buffalo, ghorofa ya juu. Niliondoka Columbus Ijumaa, nikalala kwa rafiki, na asubuhi nikapanda ngazi zilizomwagiwa chumvi ya theluji. Katibu alikuwa amepungua. Shingo imekuwa nyembamba kwenye kola, na mkono wa kulia ulitetemeka mpaka binti yake akamwekea chai nusu kikombe ili isimwagike. Kikombe kilikuwa kilekile, mti mmoja na mwavuli nusu. Binti alituwekea maandazi, akatoka, akavuta mlango.

Mezani kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka.

"Akidi imetimia," Katibu alisema. "Ajenda ni moja." Akavuta shuka.

Ilikuwa cherehani, kichwa peke yake, bila meza yake. Nyeusi. Maua ya dhahabu, na upande wa kulia yamefutika.

Nilikasirika. Sijui namna nyingine ya kusema. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto, na nilikumbuka ngazi za Reynoldsburg na jinsi nilivyopumzika mara tatu, nimekumbatia kitu kilichomfanya mama yangu amkane ndugu yake. Nilifungua mdomo.

"Soma kwanza," alisema. "Utanitukana baadaye, nitakupa nafasi."

Ukutani, kando ya cherehani, alikuwa amebandika kadi nyeupe, ukubwa uleule wa vibao vya jumba. Mwandiko ulikuwa wake, ila umetetemeka.

*Kichwa cha cherehani, cheusi, chenye maua ya dhahabu.*
*Ilinunuliwa na Mama Neema, soko la Kasulu.*
*Siku ya basi la kwanza: ilikabidhiwa kwa Katibu, aitunze, kisha amkabidhi Dafroza mkononi.*
*Siku ya basi la pili: Dafroza alikuwa kwenye mgao wa chakula. Katibu alingoja mlangoni. Hapakuwa na wa kuweka sahihi. Katibu alipanda basi nayo.*
*Tangu siku hiyo hadi leo: ilikuwa kwa Katibu, ambaye alijua si yake. Aliulizwa kwa simu. Hakusema uongo. Hakusema kweli.*
*Mwenyewe: Dafroza. Iko njiani.*

Niliisoma mara mbili.

"Ungemwachia jirani," nilisema.

"Jirani hakuwa kwenye maagizo."

"Ungengoja."

"Dereva alipiga honi mara tatu. Ningengoja ya nne." Aliitazama cherehani, si mimi. "Miaka yote nilijiambia tatizo ni sahihi. Kwamba sikupata mtu wa kuweka sahihi. Nimesimama mbele ya ukuta mtupu siku kumi na tisa, nikaona si hilo. Mke wangu nilikuwa nimemzika. Nilikuwa nakwenda nchi ya watu na begi la nguo mbili. Sikutaka kufika sina kitu kizito."

"Na simu ya Mama?"

"Hiyo haina utetezi. Isiandikwe utetezi."

Hasira haikuniisha, lakini ilikosa pa kukaa. Nilimuuliza kama Dafroza anajua.

"Nimempigia wiki iliyopita, nikamsomea. Akasema cherehani alishaisahau, wanawe wamekua. Akaniambia neno moja tu. Mwambie dada." Katibu alikisukuma kikombe kando. "Nimejaribu mara nne kumpigia mama yako, nikashindwa. Siwezi peke yangu. Ndiyo maana nikaitisha akidi."

Nilipiga. Mama alikuwa Louisville, amerudi kutoka zamu yake ya kufua mashuka ya hospitali, na nyuma yake tulisikia mfuniko wa sufuria ukicheza. Nilimwambia niko kwa Katibu na ana jambo la kumsomea. Nikaweka simu mezani, kando ya cherehani.

Katibu alisimama kusoma, kama alivyosimama kusoma mihutasari kanisani. Alisoma kila mstari bila kuharakisha. Kwenye mstari wa simu alisita, akaanza upya, akaumaliza. Kisha akabaki amesimama.

Mfuniko ulinyamaza. Mama alikuwa amezima jiko.

"Katibu," alisema.

"Naam, Mama Neema."

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika hapo chini. Mama Neema alimwita mdogo wake mwizi. Miaka sita. Mbele ya watu, na mbele ya watoto wake mwenyewe. Hakuwa mwizi. Umeandika?"

"Naandika."

"Andika vizuri, nataka isomeke." Tulisikia akivuta kiti. "Wewe nitakutukana siku nyingine, leo sina nafasi. Neema, nipe namba ya mama yako mdogo. Niliifuta."

Mimi pia sikuwa nayo. Hilo niliona aibu kulisema, na nilikuwa bado natafuta namna ya kulisema Katibu alipofungua daftari lake ukurasa wa nyuma. Zilikuwepo namba zote za Dafroza tangu kambini, mstari juu ya mstari, kila iliyobadilika imekatwa kwa rula, na ya mwisho haijakatwa. Alikuwa ameifuata kila namba miaka yote hiyo, na hakuwahi kupiga hata moja mpaka wiki iliyopita.

Alimsomea Mama tarakimu moja moja, na Louisville ilizirudia moja moja baada yake. Ya mwisho aliisoma mara mbili ili iwe wazi, ingawa alipoirudia, Mama alikuwa ameshakata simu kumpigia mdogo wake.